MBWA WA ULINZI AFUNZWE, ASITESWE



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, lakini huku kwetu limekwisha kuwa kero ya kila siku. Jambo lenyewe ni mbwa wakubwa wa ulinzi, na hasa namna tunavyowalea na kuwafunza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaopita Kakola na kuendelea hadi Katoro, Nyarugusu na Geita. Anayeufahamu ukanda huu anajua kwamba dhahabu haichimbwi na makampuni makubwa peke yake. Wako wachimbaji wadogo maelfu kwa maelfu, wenye maduara yao, makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea. Penye mawe ya dhahabu pana wezi, na penye wezi pana walinzi. Siku hizi mlinzi wa karasha haridhiki na rungu na tochi. Anataka mbwa, tena mbwa mkubwa, wa aina ya Jamani Shepadi au Rotwaila, au chotara wa hao na mbwa wetu wa kienyeji. Wafugaji nao wanao mbwa wao wa kulinda ng'ombe dhidi ya fisi na wezi. Kwa hiyo ninaposema mbwa wa ulinzi, ninasema juu ya mali ya wananchi wengi.

Sina ugomvi na mtu anayefuga mbwa wa kulinda mali yake. Ana haki hiyo. Ugomvi wangu ni na mafunzo wanayopewa mbwa hao.

Pilipili na nyigu

Huku kwetu, na nadhani hata katika mikoa mingine, kuna imani kwamba mbwa akitakiwa awe mkali lazima ateswe. Mtoto wa mbwa hununuliwa akiwa mdogo, hufungwa kwa mnyororo mfupi chini ya mti au nyuma ya choo, naye hushinda hapo mchana kutwa. Hachezi na mtu wala hatembezwi. Hupewa makoko ya ugali mara moja usiku. Wako wanaomchanganyia pilipili katika chakula, wako wanaomlisha nyigu, na wako hata wanaompa bangi, wakiamini kwamba vitu hivyo huingiza ukali damuni. Wengine huwatuma vijana wamchokoze kwa fimbo na kumtupia mawe kupitia uani, ili eti azoee kuwachukia watu.

Hivi kweli, ndugu wasomaji, pilipili inamfundisha mbwa nini? Inamchoma mdomo na tumbo, basi. Nyigu humwuma ulimi. Bangi humlevya mbwa kama inavyomlevya mtu, na mlinzi mlevi hatumtaki awe wa miguu miwili wala wa miguu minne. Mbwa aliyelelewa hivyo huwa mkali, hilo sikatai. Lakini ukali wake ni wa mnyama mwenye maumivu na hofu. Hajui mwizi ni nani wala mwanafunzi ni nani. Kwake yeye kila mwenye miguu miwili ni yule kijana aliyemchokoza kwa fimbo.

Mwaka jana mwanafunzi wetu wa darasa la tatu aliumwa paja na mbwa wa karasha lililo kando ya njia ya kuja shuleni. Mnyororo ulikuwa umekatika usiku. Mtoto hakuwa ameingia uani wala hakutupa jiwe. Alikuwa akipita na ndoo yake ya maji kama wenzake. Wananchi waliokuwa karibu walimwua yule mbwa kwa mawe papo hapo. Hasira zao nazielewa, lakini kitendo hicho kiliharibu jambo moja muhimu. Mbwa aliyeuma akifungiwa mahali salama na kuangaliwa siku 10, akabaki mzima, daktari hupata uhakika kwamba hakuwa na kichaa siku ile alipouma. Akiuawa na kutupwa, uhakika huo haupo tena. Wazazi wa mtoto walilazimika kukodi pikipiki kwenda hospitali kwa sindano za chanjo, wakarudi tena na tena mpaka dozi ikaisha. Mtoto alikosa masomo, familia ikauza mbuzi. Naye mwenye karasha alinunua mbwa mwingine, akamfunga kwa mnyororo uleule.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili halimalizwi kwa kuua mbwa. Mbwa wa pili atakuwa kama wa kwanza, maana mwalimu wake ni yuleyule. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Hofu ndiyo mzizi

Chuoni tulifundishwa habari za Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Pavlov aligundua kwamba mbwa akizoea kusikia mlio fulani kabla ya kuletewa chakula, baada ya siku nyingi hutokwa na mate kwa kuusikia mlio tu. Wengi wetu tuliyakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani, tukayaacha kwenye daftari. Lakini ndani yake mna siri nzima ya mbwa mkali. Ikiwa kila mara mgeni anapotokea mbwa hupata jiwe, fimbo au kuvutwa mnyororo shingoni, basi mgeni anakuwa ishara ya maumivu. Mbwa hujifunza kumwahi kabla hajaahiwa. Ikiwa kila mara mgeni anapotokea mbwa hupata kipande cha chakula kutoka kwa bwana wake, mgeni anakuwa ishara ya neema, na moyo wa mbwa hutulia. Akitulia huweza kufundishwa. Kiumbe mwenye hofu hafundishiki. Hilo kila mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya darasa la kwanza analijua.

Tena mbwa hasemi, lakini hutoa taarifa. Kabla ya kuuma huukaza mwili, hugeuza uso pembeni, hulamba midomo bila chakula, hupiga miayo bila usingizi, hukunja mkia, kisha hunguruma. Mngurumo ni onyo. Watu wengi wakisikia mbwa wao ananguruma humpiga, wakidhani wanamfundisha adabu. Kwa kufanya hivyo wanamfundisha kunyamaza. Siku nyingine hatanguruma, atauma moja kwa moja, na watu watasema ameuma bila sababu. Anayeizima king'ora cha moto asilalamike nyumba ikiungua.

Namna ya kumfunza

Sasa nitaeleza njia yenyewe, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni kazi bure. Njia hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji subira, mkono mwepesi na dagaa wakavu wachache, na dagaa wa Ziwa Victoria huku kwetu wanapatikana kila soko.

Kwanza, mbwa asishindishwe njaa kwa jina la mafunzo. Chakula chake cha siku kigawanywe. Sehemu kubwa apewe kwenye chombo chake, na sehemu ndogo ihifadhiwe mfukoni kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba watu wenyewe hawana chakula cha kutosha, sembuse mbwa, wasiwe na wasiwasi. Chakula ni kilekile. Kinachobadilika ni kwamba sehemu yake hutolewa kama ujira.

Pili, ujira utolewe papo hapo. Mbwa akifanya jema, mwambie neno moja fupi, kwa mfano "Vyema!", na kabla hujahesabu mbili awe amekwisha pata kipande chake. Ukichelewa mpaka amekwisha kugeuka na kubweka kitu kingine, umemlipa kwa kubweka. Neno hilo liwe lilelile kila siku, na walinzi wote wa mahali hapo walitumie lilelile. Mmoja akisema hivi na mwingine vile, mbwa huchanganyikiwa kama mwanafunzi mwenye walimu wawili wanaopingana.

Tatu, na hapa ndipo penye moyo wa jambo, usianze karibu. Mbwa anayewarukia wapita njia afungwe kwa kamba imara, mahali ambapo anaweza kumwona mtu kwa mbali lakini bado ametulia. Kwa mbwa mmoja itakuwa hatua 20, kwa mwingine 60. Mtu anapotokea, mpe kipande, na kingine, na kingine. Mtu akiondoka, vipande vikome. Fanya hivyo kwa dakika chache tu, kisha mwache apumzike. Kesho rudia. Siku utakapoona kwamba mtu akitokea mbwa anakugeukia wewe kutazama mkono wako, ujue ameanza kuelewa. Hapo sogea hatua mbili tatu. Akianza tena kubweka na kuruka, usimpige wala usimkemee. Umesogea upesi mno, rudi nyuma. Polepole ndiyo mwendo.

Nne, afundishwe la kufanya, asikatazwe tu. Afundishwe kuja anapoitwa, kukaa, kuacha kitu anapoambiwa aache, na kwenda kulala mahali pake, iwe juu ya gunia au ubao. Mbwa aliyelala juu ya gunia lake hawezi wakati huohuo kuwa shingoni mwa mtu. Kwa mlinzi wa karasha amri hii moja ina thamani kuliko mnyororo: mbwa anabweka, mlinzi anakuja na tochi, anaona ni mteja aliyeleta mawe yake, anamwambia mbwa "Mahali pako!", naye anakwenda na kupata ujira wake.

Tano, mnyororo mfupi uondolewe. Mbwa anayeshinda amefungwa na kuwaona watu na wanyama wakipita bila ya yeye kuweza kusogea huzidi kuchacha. Mwenye uwezo ajenge ua. Asiye na uwezo afunge waya mrefu kati ya nguzo mbili na kuipitisha kamba ya mbwa juu yake, ili apate kutembea kivulini na kwenye maji. Na kila siku, asubuhi au jioni, atembezwe kwa kamba.

Sita, mtoto wa mbwa afunzwe mapema. Wataalamu wanasema kipindi cha tangu wiki ya 3 hadi kama wiki ya 14 ndicho mtoto wa mbwa hujifunza nini cha kuogopa na nini cha kawaida. Katika wiki hizo awaone wanawake wenye mizigo kichwani, wazee wenye fimbo, watoto wa shule, pikipiki, baiskeli na ng'ombe, na kila kimoja kiandamane na kitu kizuri. Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Cha ajabu ni kwamba wiki hizohizo ndizo tunazozitumia kumfungia gizani.

Kuna mbwa ambao wamekwisha kuharibika sana, na waliokwisha kuuma watu. Hao wasichezewe na asiyejua. Mwenye mbwa wa namna hiyo aende kwanza kwa daktari wa mifugo, maana pengine mbwa ana kidonda, masikio yaliyooza au maumivu ya mifupa ambayo hatuyaoni. Huku mafunzo yakiendelea avalishwe kikapu cha mdomoni kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, na asiachwe huru mahali penye watu.

Nimeyaona kwa macho

Nisidhaniwe ninasema ya vitabuni tu. Jirani na shule yetu kuna mlinzi, mzee wa makamo, ambaye aliachiwa mbwa mkubwa mweusi aitwaye Simba na tajiri wake. Mbwa huyo alikuwa hakaribiki. Hata mzee mwenyewe alikuwa akimsukumia chakula kwa mti. Tulizungumza, akaniambia, "Mwalimu, mbwa huyu mimi namwogopa kuliko wezi." Nikamwambia, "Mzee wangu, naye anakuogopa wewe. Tuanze hapo."

Alianza kwa kumtupia dagaa mmoja mmoja kutoka mbali, bila kumtazama machoni, huku ameketi ubavu. Kazi hiyo peke yake ilichukua wiki mbili. Baadaye mbwa akawa anakuja mwenyewe kuchukua kutoka mkononi. Ndipo mzee alipoanza kumzoesha wapita njia kwa mbali, jioni, nami nikawa miongoni mwa hao wapita njia. Baada ya miezi mitatu hivi, Simba alikuwa anabweka mtu akikaribia ua, na ananyamaza na kwenda kulala kwenye gunia lake akiambiwa. Usiku sauti yake inasikika mpaka nyumbani kwangu. Wezi hawajui kama amefunzwa kwa fimbo au kwa dagaa. Wanachosikia ni mbwa. Hata hivyo, saa za watoto kwenda na kurudi shuleni mzee humweka ndani ya ua na kufunga komeo. Nami namsifu kwa hilo. Mafunzo hayaondoi tahadhari.

Mifano ya nchini mwetu

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Hapa hapa Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Hawapigwi. Panya anapotambua harufu inayotakiwa husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi au chakula kingine akipendacho. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania, alifanya kazi nchini Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Ikiwa panya, ambaye sisi tunamjua kwa kula mahindi ghalani, amefunzwa kwa ndizi akaokoa maisha ya watu, mbwa aliyeishi na binadamu maelfu ya miaka atashindwaje?

Huko Usa River, karibu na Arusha, Mfuko wa Wanyamapori wa Afrika umekuwa na kituo cha kufunza mbwa wa kunusa pembe za ndovu tangu mwaka 2014, na mbwa na askari waliofunzwa hapo wamepelekwa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Mbwa akigundua pembe hupewa mpira wake achezee. Mbwa huyo kwake kazi ni mchezo, ndiyo maana hachoki.

Wafugaji wenzetu nao wana la kujifunza. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamepewa mbwa wakubwa wa asili ya Anatolia, huko Uturuki, walinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma. Mbwa wa asili hiyo walipelekwa pia katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mbwa hao hawafanywi walinzi kwa kupigwa. Tangu wangali wadogo hulala na kukua pamoja na mifugo, wakaiona kuwa ndugu zao. Ulinzi wao unatokana na mapenzi. Wakisikia simba au fisi, hubweka na kusimama kati yake na zizi, na mara nyingi mnyama huyo huondoka bila vita.

Majibu kwa wanaopinga

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba mbwa mpole halindi, na kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Nawajibu kwamba kumfunza kwa upole si kumdekeza. Mbwa aliyefunzwa kwa ujira ana kanuni nyingi kuliko yule aliyefunzwa kwa rungu, maana huyu wa rungu hutii tu pale rungu lilipo. Kazi kubwa ya mbwa wa ulinzi ni kugundua na kutoa sauti. Kukamata mwizi ni kazi ya watu, na kumhukumu ni kazi ya mahakama. Mbwa anayerarua kila mtu humletea bwana wake kesi na fidia.

Pingamizi la pili ni kwamba mbwa aliyezoeshwa vipande vya chakula atanunuliwa na mwizi kwa nyama. Hoja hii ina uzito, lakini mbwa anayenunuliwa upesi zaidi ni yule mwenye njaa. Ndiye anayemeza nyama yenye sumu bila kuinusa. Mbwa aliyeshiba, aliyefundishwa kwamba chakula kilichotupwa chini hakiguswi mpaka bwana wake aruhusu, na kwamba akikiacha hupata kilicho bora kutoka mkononi, ana kinga zaidi.

Pingamizi la tatu ni la muda. Ni kweli kwamba fimbo hutoa matokeo leo na dagaa hutoa matokeo baada ya wiki kadhaa. Lakini matokeo ya fimbo ni ya leo tu. Mkoa wetu ndio ulioanzisha Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Jeshi hilo la jadi lilikuwa na sifa zake na lawama zake, lakini jambo moja lilionekana wazi: nguvu ya ulinzi ilitoka katika mpango, ishara za filimbi na watu kujua zamu zao. Pale mpango ulipokosekana na hasira zikatawala, ndipo lawama zilipoingia. Kwa mbwa ni vivyo hivyo.

Kichaa cha mbwa

Siwezi kumaliza barua hii bila kugusa ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba kati ya kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishatokea mgonjwa hufa, ni nadra mno kupona. Lakini unazuilika kabisa. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungojea kuona mbwa atakuwaje, wala kupitia kwa mganga kwanza.

Hapa upole una faida nyingine ambayo wengi hawaioni. Siku ya chanjo inapotangazwa kijijini, mbwa wanaofika ni wale wanaoshikika. Wale wakali wa kwenye makarasha, ambao ndio wenye hatari kubwa, hubaki nyumbani kwa sababu hakuna anayethubutu kuwafunga kamba. Mbwa aliyefunzwa kusimama na kushikwa kwa ujira wa dagaa wawili huchanjwa kwa dakika moja.

Ombi langu

Kwa hiyo nashauri yafuatayo. Serikali za vijiji katika ukanda huu wa dhahabu ziweke sheria ndogo kwamba kila mwenye mbwa wa ulinzi amfugie ndani ya ua au kwenye waya uliopimwa usifike njiani, na awe na cheti cha chanjo ya mwaka. Maofisa mifugo wa kata, wanapokuja kuchanja, watumie nafasi hiyo kuwaeleza wafugaji na walinzi namna ya kufunza bila kupiga, na wawakumbushe kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama. Wenye makarasha na mialo, ambao kwa gramu chache za dhahabu hununua mbwa wa bei kubwa, wasione tabu kununua na dagaa. Nasi walimu tuwafundishe watoto wasimtupie mbwa mawe, wasimkimbie, wasimtazame machoni. Akiwajia wasimame wima kama mti, mikono imeshuka, mpaka aondoke.

Mbwa hakuomba kuja kulinda dhahabu yetu. Tumemleta sisi. Kama tunataka atutofautishie mwizi na mtoto wa shule, ni juu yetu kwanza kumwonyesha tofauti hiyo, na hataiona kwa kupigwa fimbo.

Ni mimi,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kahama, Shinyanga.